Mseto wa Nini na Nini?

Mama yangu aliniuliza swali hilo barazani kwangu, Tunduma, ungo wa choroko ukiwa magotini. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada bila kuacha kazi wala watoto, na kwa fahari nikamsomea maneno yaliyokuwa kwenye barua ya udahili: ujifunzaji mseto. Masomo mengine mtandaoni, mengine ana kwa ana. Alipeta mara mbili tatu, akapuliza makapi, ndipo akasema, "Mseto wa nini na nini?"

"Wa mtandao na darasa, mama."

"Na kipi kinatangulia kuingia chunguni?"

Aliyewahi kupika mseto anajua kwa nini aliuliza. Choroko hutangulia. Mchele husubiri mpaka choroko zianze kulainika, ndipo nao hutiwa. Ukivitia pamoja, mchele utakuwa bokoboko na choroko zitabaki zikigonga meno. Siku ile nilimwitikia tu, nikaingia ndani kutafuta chaja. Swali lenyewe halikuondoka. Nimetembea nalo miaka yote ya masomo yangu, na sasa kila ninaposikia kwamba chuo fulani kinahamia kwenye ufundishaji mseto, ndilo la kwanza kunijia kichwani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliajiriwa na cheti cha daraja la IIIA, na kwa miaka mingi kusoma zaidi kulikuwa na maana moja tu: kuondoka. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulizaliwa ukiwa na kahawa ya Mbozi, mahindi, Kimondo cha Ndolezi na mpaka usiolala, lakini chuo kikuu chake wenyewe haukuwa nacho. Aliyetaka shahada alipanda gari kwenda Mbeya mjini, mwendo wa kilometa zaidi ya 100, au akaivuka nchi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900. Kwa mwanamke mwenye watoto watatu, mume wa safari za biashara upande wa Zambia na mama anayezeeka, hilo si jambo la kulipanga. Unalifikiria usiku, asubuhi unaamka unachemsha chai.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waliofikiri, kabla hata ya intaneti kuingia nchini, kwamba chuo kinaweza kumfuata mtu. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilipendekeza jambo hilo, Bunge likatunga Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikazinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa walimu, askari, wauguzi, makarani wa halmashauri. Vitabu viliwafikia kwa posta na kwa mabasi. Mwalimu mmoja aliyenitangulia kazini, sasa mstaafu, alisoma hivyo miaka ya 1990. Alikuwa akishuka Mbeya kwa vipindi vya ana kwa ana na kwa mitihani, analala kwa ndugu, anarudi na mzigo wa karatasi. Siku moja nilimuuliza kilichomvusha, maana wenzake wengi waliishia njiani. Hakutaja kitabu chochote. Alinitajia mtu wa kituoni aliyemjua kwa jina, na ambaye kila alipomwona alimuuliza, "Umefika sura ya ngapi?"

Sikuyapa maneno hayo uzito yanaostahili. Nilidhani ni simulizi ya zama za posta.

Kilichonisukuma niombe chuo ni mwaka 2020. Mpwa wangu alikuwa mwaka wa kwanza mbali na nyumbani. Katikati ya Machi vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya korona, naye akarudi Tunduma na begi moja. Tulingoja masomo yamfuate kwenye simu kama tulivyosikia yanafanyika kwingineko duniani. Hayakumfuata. Aprili ikapita, Mei ikapita, binti analima bustani na kusoma madesa yale yale aliyokuja nayo mpaka karatasi zikachakaa pembeni, na vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni akapanda basi kurudi. Miezi miwili na nusu ya kijana mwenye akili nzuri ilikwenda hivyo. Nilikasirika kwa niaba yake. Nikajiambia kwamba kinachokosekana ni mitambo, na siku mitambo itakapokuwepo, mambo yatakwenda. Oktoba ile nikaanza kusoma, kwenye chuo kilichokuwa na mitambo.

Chuo chenyewe sikitaji, kwa kuwa lililonipata lingeweza kunipata katika chuo chochote.

Jukwaa la masomo lilikuwa Moodle, lile lile linalotumiwa na vyuo vingi vya Tanzania. Baadaye nilikuja kusoma habari za aliyelibuni, Martin Dougiamas, na zikanigusa. Alikulia jangwani Australia Magharibi, mbali na mji wowote, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio ya mawimbi mafupi: mwalimu yuko mbali, watoto wametawanyika mamia ya kilometa, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuitikia. Toleo la kwanza la Moodle alilitoa mwaka 2002. Mtu aliyejua maana ya kusoma peke yako nyikani ndiye aliyelijenga darasa ninalolifungua kwenye simu yangu hapa Maporomoko, Tunduma. Lakini kumbuka hilo la kuitikia. Mtoto wa redio ya Australia aliitwa kwa jina, naye akajibu, na asipojibu ilijulikana.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Niliamka saa kumi alfajiri, muda ambao bando la usiku lilikuwa bado halijaisha na mtandao ulikuwa mwepesi, napakua video na pidiefu, nazisoma jioni watoto wakilala. Watu wa Tunduma tunaambiwa tuna bahati, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita hapa hapa kuingia Zambia, nyuzi za mwanga zinazobeba mazungumzo ya nchi nzima chini ya miguu yetu. Ila nyuzi hizo zinapita kama malori yanavyopita. Nyumba yangu iko jirani na mkongo huo, na bado ninanunua megabaiti dukani kama anunuaye mafuta ya taa kwa kibaba.

Kisha ikaja Jumapili ile ya mwaka wa pili.

Asiyeishi mpakani huenda hajui kwamba Tunduma na Nakonde, mji wa Zambia, zimeachana kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa tatu usiku, ng'ambo ya barabara ni saa mbili. Tumezoea. Mtu akikuambia "tukutane saa nne", unamuuliza, "Ya wapi?" Simu nazo zina tabia zake hapa. Ukikaa karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mnara wa Zambia bila kukuuliza, na ikiunasa, saa yake inarudi nyuma. Mchana ule nilikuwa nimekwenda sokoni karibu na mpaka. Nilipofika nyumbani simu ilisharudi kwenye mtandao wetu, bando likafanya kazi kama kawaida, lakini saa ikabaki ya Zambia. Saa yangu ya ukutani ilikuwa imeisha betri tangu Alhamisi.

Nilikuwa na jaribio la mtandaoni, saa mbili kamili hadi saa tatu usiku, lenye alama nyingi za somo la mbinu za utafiti. Nilijiandaa wiki nzima. Nililisha watoto mapema, nikawapeleka kulala, nikasafisha meza, nikaweka kalamu, karatasi na glasi ya maji. Simu iliposema saa mbili kamili nikafungua ukurasa. Pale ambapo pangekuwa na kitufe cha kuanza palikuwa na maandishi mekundu kwamba jaribio limefungwa. Nikafunga, nikafungua tena. Nikazima simu, nikaiwasha. Ndipo nikasikia redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari, na mtangazaji akataja saa, nikaelewa.

Niliandika barua pepe usiku ule ule. Niliandika kwenye ukurasa wa maswali wa somo. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, ikaita, haikupokelewa. Wiki ikaisha. Sikuandikiwa jibu baya. Sikuandikiwa jibu lolote. Baadaye nilikuja kujua kwamba mhadhiri yule alikuwa na wanafunzi wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuwafuatilia, na simlaumu. Lakini wakati ule nilichojua ni kwamba nimeanguka na hakuna aliyesikia kishindo. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ilikuwa mbele yangu, na nyuma ya sapu niliona kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Nikaacha kufungua jukwaa. Siku ya kwanza kwa hasira, ya tatu kwa aibu, ya kumi kwa mazoea tu. Wiki tatu zikapita. Nilikuwa nimeacha chuo bila kumwambia mtu yeyote, na chuo hakikujua kwamba kimeachwa.

Jioni moja ya Jumamosi akabisha hodi mwanamke mwenye sare ya uuguzi na kanga mabegani. Nilimfahamu kwa sura. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, kwenye kikao cha ana kwa ana Mbeya, tukachangia teksi kwenda stendi. Anafanya kazi katika kituo cha afya cha serikali, anasoma programu nyingine lakini somo la utafiti lilikuwa letu sote. Nilimkaribisha. Hakukaa.

"Mwalimu, mbona sikuoni?"

Nikamwambia sina hali nzuri. Akanitazama kama wanavyotazama wauguzi, kwa utulivu unaokuvua uongo. "Sikuulizi hali," akasema. "Nakuuliza kwa nini jina lako halipo. Nimeuliza shule tatu mpaka nikapajua kwako."

Nililia mlangoni, mbele ya wanangu. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri kwa nini. Nadhani ni lile neno halipo. Kumbe kulikuwa na mtu ambaye kwenye hesabu yake nilikuwa nimepungua.

Wiki iliyofuata tulikuwa watu watano katika chumba cha shule ya Jumapili cha kanisa fulani, kwa ruhusa ya mchungaji. Muuguzi, mimi, kijana wa wakala wa forodha, mwalimu mwenzangu wa sekondari kutoka Chapwa, na dereva wa malori ya masafa anayesomea biashara. Dereva huyo alikuwa akisoma kwenye kibanda cha lori. Hata baada ya kituo cha huduma za pamoja mpakani kuzinduliwa mwaka 2019, kuna wiki foleni inarudi na kunyooka kuelekea Mpemba, na mtu anaweza kukaa siku mbili nyuma ya usukani akisogea mita mia. Wengine hulala, wengine hucheza bao. Yeye alipachika simu kwenye kioo na kusikiliza mihadhara.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kilichotokea ndani ya chumba kile ndicho ninachotaka watu wa vyuo wakijue.

Somo la utafiti lina mambo mawili ambayo kila mwanafunzi hukariri bila kuyaelewa: uthabiti wa kipimo na uhalali wa kipimo. Nilikuwa nimeangalia video ya mhadhara huo mara nne. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, cha taratibu, na slaidi zilikuwa safi. Niliweza kuandika maana zote mbili bila kukosea nukta, na sikujua tofauti yake ni nini. Kijana wa forodha naye vivyo hivyo. Tukawa tunasomeana maana kwa zamu, kama watoto wanaoimba irabu.

Dereva akaweka kalamu chini. "Jamani, mimi napimwa kila safari," akasema. "Sheria inasema gari na mzigo visizidi tani 56. Sasa chukua mzani wowote, hata wa duka la mahindi. Weka gunia lile lile leo, kesho, keshokutwa. Ukikupa kilo zile zile kila siku, huo mzani ni thabiti. Haubadilishi maneno. Lakini kama ulifungwa vibaya tangu mwanzo, una kilo kumi za uongo ndani yake, utakupa uongo ule ule kila siku. Ni thabiti, na si halali."

Kimya kikapita. Kisha muuguzi akasema, polepole, "Kumbe na dodoso langu ndivyo lilivyo." Alikuwa amewauliza akina mama kama wanalala ndani ya chandarua, wote wakajibu ndiyo, wiki ile na wiki iliyofuata, kwa kuwa wanaogopa kumwambia nesi hapana. Jibu moja kila siku, na lote la uongo. Alichukua karatasi zake, akaanza kuyapanga upya maswali pale pale, na sote tukaacha ya kwetu tukamsaidia: badala ya kuuliza kama unalala ndani ya chandarua, omba uone kilipofungwa.

Video ilikuwa na kila kitu kilichohitajika, isipokuwa mzani wa dereva yule, na isipokuwa Kiswahili. Tunasoma chuo kikuu kwa lugha tunayoifasiri kichwani huku tukikimbia, na mtu aliye peke yake na simu hana wa kumfasiria. Kumbi za mihadhara zina msamaha wa aina yake: mkitoka nje mnaulizana, "Hivi alikuwa anamaanisha nini?", na pale kibarazani ndipo elimu nyingi inapopatikana. Ukihamishia mhadhara mtandaoni umeuhamisha mhadhara. Kibaraza kimebaki kilikokuwa.

Wala sisemi kwamba darasa la kuta nne halipotezi watu. Mpwa wangu amesoma katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi ambako mhadhiri asingemtambua hata wakipishana mlangoni. Huko nako mtu huzama kimyakimya. Tofauti ni kwamba bwenini kuna mwenzako wa kitanda cha juu atakayeuliza kwa nini hujala. Aliye Ileje au Kamsamba na simu yake hana kitanda cha juu.

Likizo ya Desemba mwaka ule nilikwenda kijijini Igamba kumsaidia mama kupanga sanduku la marehemu baba. Chini ya hati za shamba na risiti za kahawa tulikuta daftari la mahudhurio, jalada limeliwa na mende pembeni. Juu yake, kwa mwandiko wa baba ulioinama kushoto: Mtu ni Afya, 1973.

Wasomaji wenye umri watakumbuka. Nchi ilikuwa imetangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya majaribio madogo ikaja kampeni hii kubwa: wiki 12, redio ya taifa, na watu wapatao milioni 2 wamekaa katika vikundi nchi nzima kujifunza kuhusu malaria, kuhara, maji na vyoo. Kila kikundi kilikuwa na redio moja, kijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo ya muda mfupi. Baba yangu, kijana wa darasa la saba, alikuwa mmoja wa viongozi hao. Kikundi chake kilikutana kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika. Mama, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa naye, alikaa kwenye gunia la tatu kutoka mlangoni. Anakumbuka mpaka harufu. Walisikiliza kipindi. Kisha redio ikazimwa. Baba akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadiliana, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka waseme wiki hiyo watafanya nini kwa mikono yao. Hapo ndipo vyoo vilipochimbwa, kwa mamia ya maelfu, nchi nzima.

Sauti kutoka mbali, maandishi mkononi, watu wamekaa pamoja. Nilikaa sakafuni na daftari lile nikawaza: huu ndio mseto, na baba aliupika kabla sijazaliwa.

Lakini kilichonishika zaidi ni safu ya pembeni. Daftari lilikuwa na majina 18, na mbele ya kila jina alama za wiki. Palipokuwa na pengo, baba hakuacha pengo. Aliandika sababu kwa penseli: amefiwa, mtoto mchanga, yuko Vwawa, amegombana na Fulani. Na chini ya kila sababu, kwa herufi ndogo, neno lile lile: nimempitia.

Nilimuuliza mama, neno hili lina maana gani hapa? Akashangaa kwamba nauliza. "Si aliwapitia. Kipindi kikiisha alichukua baiskeli akawapitia wote ambao hawakuja. Mimi alinipitia mara mbili." Akatabasamu na kugeukia dirishani, na sikumuuliza zaidi.

Leo hii Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeshatoa mwongozo wa ufundishaji wa mtandaoni na mseto. Serikali nayo ilianzisha mradi wa kuboresha elimu ya juu, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na sehemu yake ilipangwa kwenda kwenye mitambo na mafunzo ya wahadhiri wa kufundisha kidijitali. Nafurahia yote hayo kwa dhati. Mimi ni mtoto wa mitambo hiyo, bila hiyo nisingekuwa na shahada ukutani. Ila ninapowasikia wakubwa wakizungumza, nasikia studio za kurekodia, seva, vishikwambi, kasi ya intaneti. Mchele, mchele, mchele. Nani anaziangalia choroko?

Moodle ile ile ina orodha ya washiriki wa kila somo, na mbele ya kila jina inaonyesha mara ya mwisho alipoingia. Mwenzangu anayefundisha chuo alinionyesha kwenye kompyuta yake. Nilimwomba asogee nitazame vizuri. Siku mbili. Saa tano. Siku 41. Siku 96. Mashine ilikuwa inajua. Katika zile wiki tatu zangu, mahali fulani kwenye orodha kama hiyo, mbele ya jina langu palikuwa pameandikwa siku saba, kisha 14, kisha 21, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma safu hiyo na kuchukua baiskeli.

Ningekuwa na sauti mahali mipango inapopangwa, ningeomba mtu kwanza. Mratibu mmoja kila wilaya, anayelipwa, anayepimwa kwa idadi ya waliobaki na siyo ya waliosajiliwa, mwenye orodha ya majina na nauli ya bodaboda. Chumba chenye umeme na waifai, hata kama ni darasa la shule ya sekondari baada ya saa kumi. Majaribio yaachwe wazi siku tatu, maana nchi hii ina umeme unaokatika, na kwetu mpakani hata saa haiaminiki. Mihadhara iwe pia katika sauti nyepesi inayoweza kusikilizwa ndani ya lori bila kumaliza bando la wiki. Na katika vikundi watu waruhusiwe, hata wahimizwe, kujadiliana kwa Kiswahili, na kwa Kinyiha ikibidi, kabla ya kuandika kwa Kiingereza.

Sapu niliifanya, nikaifaulu. Jibu la barua pepe yangu lilikuja miezi miwili baadaye, la upole, na limenisaidia kidogo kuwasamehe. Tulihitimu wanne kati ya watano. Dereva bado, kwa kuwa alibadilishiwa njia akawa anakwenda Lubumbashi, lakini hutuma ujumbe wa sauti kila Jumamosi, na nyuma ya sauti yake husikika injini.

Kikundi hakikuvunjika. Wamekuja wengine, sasa ni 11, wa vyuo tofauti na programu tofauti, na mimi ndiye ninayeshika daftari. Nililinunua dukani, la kawaida, la kurasa 96, nikalipigia mistari mwenyewe.

Mwezi uliopita binti mmoja anayeuza vitenge karibu na mpaka alikosa Jumamosi mbili mfululizo. Simu yake haikupatikana. Baada ya kikundi nilitembea mpaka Sogea, nikiuliza nyumba hadi nyumba, jua likizama upande wa Nakonde. Nilimkuta uani anafua, mtoto mgongoni. Simu alikuwa ameiweka rehani apate hela ya matibabu ya mtoto. Alianza kuomba radhi, sabuni bado mikononi, nikamwambia anawe kwanza. Nilikuwa nimebeba karatasi tulizochapisha. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akanisogezea kigoda, na tukaanzia pale alipoachia, ukurasa wa 41.